Jamhuri Dhidi ya Mkwe Wangu

Watu wa hapa Mukuyuni wakitaka kunichokoza huniita Mama Polisi. Siwakatazi. Jina hilo nililitafuta kwa miguu yangu mwenyewe, Jumapili mchana, jua la utosi, Biblia ikiwa bado kwapani. Nilikwenda kituoni kumshtaki mume wa binti yangu, na maneno niliyoyasema pale mbele ya koplo mmoja sijaweza kuyarudisha mpaka leo.

Mimi ni Kasyoka. Mume wangu Ndolo alifariki mwaka wa sabini na nne, akaniachia shamba lenye mawe mengi kuliko udongo, na binti mmoja, Mutindi. Mutindi aliolewa Mbumbuni na Musembi, fundi wa cherehani, kijana mpole lakini mwenye kile kiburi cha kimyakimya ambacho ndicho kibaya zaidi. Mahari aliitoa bila kusukumwa. Alianza na mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwetu ndio wanaofunga ndoa, akafuatisha wengine, kisha akaleta ng'ombe wawili. Mmoja alikufa kwa kiangazi. Wa pili, mtamba mwekundu, alizaa, na maziwa yake nikawa nikiyauza kwenye hoteli za sokoni.

Kuna jambo moja ambalo asiyetujua lazima aelezwe. Kwetu mama mkwe na mume wa binti hawatazamani. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe. Musembi akiniona njiani alikuwa anaingia kichakani mpaka nipite, na mimi nikimwona nilijifunika leso usoni. Akiwa na neno kwangu alimpa mtu mwingine anifikishie, hata kama sote tuko pale na tunasikia. Kwa miaka mitano nilijua sauti yake na kisogo chake. Kama ana ndevu au hana, nisingeweza kukuambia.

Mwezi wa pili mwaka wa sabini na tisa, Mutindi alirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Walikuwa wamegombana juu ya paa la nyumba. Yeye alitaka mabati, mume alitaka ndugu zake wasome. Mutindi akasema neno, mume akasema neno baya zaidi, Mutindi akafunga virago. Nilimpokea, nikangoja Musembi atume wazee waje kumwombea, kama inavyofanywa. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Hakuja mtu. Kila asubuhi nilimkamua yule ng'ombe huku nikichemka kuliko chai niliyokuwa nimeinjika.

Kisha Jumapili moja ya mwezi wa tano, sisi tukiwa kanisani, Musembi alikuja mwenyewe. Aliingia bomani kwangu mchana kweupe, akamfungua ng'ombe, akamswaga hadi Mbumbuni. Ndama alimwacha. Jirani yangu Ndululu alimwona na kumsalimia, naye akaitikia vizuri tu. Niliporudi nilimkuta ndama akilia na Ndululu akiningoja mlangoni, habari imemjaa mdomoni.

Ng'ombe hakuniuma sana. Kilichoniuma ni mkwe kuingia bomani kwangu bila kutuma mtu, kana kwamba mimi ni kichaka tu cha kukatiza. Shemeji yangu Muthama, ndugu wa marehemu na mkubwa wa ukoo, ndiye niliyepaswa kumwendea. Lakini Muthama huchukua wiki nzima kukohoa, ya pili kuanza kusema. Mimi nilitaka Musembi atetemeke siku ileile. Nikageuza njia, nikaenda polisi.

Koplo aliyekuwa zamu alifungua daftari kubwa.

"Ng'ombe ni ya nani, mama?"

"Ni yangu."

"Ulimpa ruhusa achukue?"

"Hapana. Nilikuwa kanisa."

"Basi hiyo ni wizi ya mifugo," akasema, akaandika.

Nakiri nilifurahi kulisikia neno hilo likitoka kwa mtu mwenye kofia. Sikumwambia kwamba mwizi huyo ndiye aliyemleta ng'ombe. Hakuniuliza, na mimi sikuona sababu ya kuiharibu hadithi iliyokuwa ikienda vizuri. Aliponisomea taarifa yangu nilitia sahihi, tena kwa madaha, kwa sababu nilisoma hadi darasa la tatu na sikutaka wanipakie wino kwenye dole gumba.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Wangemlaza ndani siku mbili. Angeingiwa na hofu, atume wazee na mbuzi wa kuomba msamaha, tule, yaishe. Kwetu ndivyo ugomvi unavyokwenda. Unapiga kelele kubwa ili mwenzako aje mbio kuzungumza, na mkishazungumza zile kelele hakuna anayezikumbuka. Nilidhani polisi ni njia tu ya kupiga kelele kubwa zaidi.

Siku iliyofuata walimchukua Musembi kwenye cherehani yake, pamoja na ng'ombe. Nilipokwenda kumchukua ng'ombe wangu nilimkuta amefungwa nyuma ya kituo. Koplo yuleyule akanizuia.

"Hiyo ni eksibiti, mama, ni ushahidi. Utaipata kesi ikiisha."

"Kesi gani?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama nina malaria. Nilirudi nyumbani na ndama akanyweshwa uji.

Mbele ya hakimu Musembi alikana mashtaka, kwa sababu kule rumande kila mtu alimwambia akane kwanza. Wiki tatu baadaye ami yake aliweka karatasi ya shamba lake kortini kuwa dhamana, Musembi akatoka. Na kweli, hofu ilikuwa imefanya kazi yake. Wazee wa Mbumbuni walikuja, na mbuzi mnene. Tulikaa kwangu, wao upande mmoja, sisi upande mwingine, Musembi nyuma kabisa ya ghala ili mimi nisimwone.

Hapo Muthama akakohoa, na safari hii alikuwa na la kusema.

"Kama huyu kijana alikuja kudai mahari yake," alisema, "basi hatuna la kukalia hapa. Mume akidai mahari mbele ya watu, amemwacha mke. Lakini kama alichukua kitu cha mtu mwingine kwa hasira, bila haki, hilo ni kosa tu. Kosa tunaweza kusamehe."

Nani hakujua alikuwa amekuja kudai mahari? Alikaa miezi mitatu bila mke, akaona ameachwa, akaja kuchukua kilicho chake. Kila mtu pale alilijua hilo, hata mbuzi. Lakini Mutindi alitaka kurudi kwake, Musembi alimtaka, na mimi nilikuwa nimechoka kuchemka. Kwa hiyo sote tukashika ile njia ambayo Muthama alitufungulia. Sauti ya Musembi ikatoka nyuma ya ghala, polepole:

"Ami, waambie sikudai mahari. Nilichukua ng'ombe ya mama bila haki. Naomba msamaha."

Ami yake akatuambia, kana kwamba hatukusikia. Nikasema nimesamehe, na nilikuwa nimesamehe kweli. Muthama akaongeza neno moja la kufungia. Musembi akiidai tena mahari hii kwa mdomo wake, mbele ya watu wowote wale, Mutindi asingerudi tena Mbumbuni, hata wakileta mbuzi wapya wa ntheo, na watoto wangekuwa wa ukoo wetu. Wote wakaitikia kwamba ni sawa. Mimi pia niliitikia. Mbuzi akachinjwa, akaliwa mpaka kwato, na jioni hiyo Mutindi akafuatana na mumewe.

Naibu wa chifu alikuwepo, akatuandikia barua ya kupeleka kortini, kwa mhuri. Niliipenda sana barua hiyo. Ilisema kwamba Musembi amekubali mbele ya wazee kuwa alichukua ng'ombe wa mama mkwe wake bila haki, ameomba msamaha, amesamehewa, na familia zote mbili zinaomba kesi ifutwe. Niliiweka ndani ya Biblia ili isikunjike.

Siku ya kusikizwa kwa kesi, mwezi wa kumi na moja, tulisafiri pamoja kama watu wa harusi. Tulishika basi mpaka Sultan Hamud, tukabadilisha pale, Musembi akikaa mbele kabisa na mimi nyuma kabisa. Mutindi alikuwa na mimba ya miezi minne, imeanza kuonekana. Nilikuwa nimembebea maandazi. Niliwaza kwamba saa tano tutakuwa tumemaliza, na ng'ombe tutapanga nani wa kumswaga.

Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta wa polisi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nilimkuta kwenye ukumbi wa korti, nikampa barua kwa mikono miwili. Aliisoma mara mbili.

"Asante, mama," akasema, akaitia kwenye faili. "Hii imenisaidia."

"Kwa hivyo tunaweza kwenda?"

"Kwenda wapi? Wewe ndiye shahidi wa kwanza."

"Lakini mimi ndiye mwenye kesi, na nimeitoa."

"Hapana, mama. Wewe ni mlalamishi. Mwenye kesi ni Jamhuri." Akanionyesha jalada la faili, pale palipoandikwa jina la Musembi, na kabla ya jina hilo neno Jamhuri. "Mngekuwa mmesukumana, ama mmetusiana, hakimu angewaacha mpatane. Wizi ya mifugo ni kosa kubwa. Hata ukisamehe, serikali haijasamehe. Na hapa amekubali mwenyewe amechukua bila haki. Sheria ikisema wizi, kuchukua bila haki ndiyo inamaanisha."

"Sisi tuliandika hivyo ili tupatane."

"Najua," akasema, na nadhani alijua kweli. Kisha akaenda kuongea na askari.

Nilibaki nimesimama pale, mkono bado uko mbele kana kwamba barua ingerudi yenyewe. Nilimuuliza Muthama anaelewa nini. Muthama hakuelewa. Aliyetueleza ni karani wa korti, mtu mmoja wa kwetu jina lake Nzuki, ambaye kazi yake ilikuwa kuyafasiri maneno ya hakimu kwa Kikamba. Alitukuta nje karibu na mfereji wa maji, akatuhurumia.

"Mwaitu," aliniambia, maana mimi ni mtu mzima kama mama yake, "akipatikana na hatia ni miaka saba. Hakimu hawezi kupunguza hata akitaka. Sheria ya mifugo siku hizi ni kali."

Mutindi alikaa chini, palepale kwenye tope la mfereji.

"Lakini mlango uko, ni mmoja," Nzuki akaendelea. "Mwizi ni mtu anachukua na anajua si yake. Mtu akichukua akiamini ni haki yake, hata kama amekosea, huyo si mwizi. Huyu kijana aseme ng'ombe ilikuwa mahari yake, bibi alikuwa ametoroka, akaona ni haki yake kuirudisha. Aseme kwa mdomo wake. Ile barua ni ya wazee, lakini yeye ndiye anajua roho yake ilikuwa wapi hiyo siku. Huyu hakimu ni mtu wa kusikiza. Nimeona akiachilia watu."

Nilisikia raha kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha nikamtazama Muthama, na Muthama alikuwa akitazama viatu vyake.

"Akisema hivyo amedai mahari," akasema. "Mbele ya watu."

"Hawa si watu, ni korti," nikamwambia.

"Tulisema watu wowote."

"Wewe ndiye uliyesema. Ungeweza kunyamaza ile siku. Miaka yote umekuwa ukinyamaza wakati tunataka useme."

"Si mimi niliyeweka, Kasyoka. Ndivyo ilivyo. Wazee wa pande zote mbili wameikula ile mbuzi. Nikisema sikusikia, kesho nani atakubali neno la mtu yeyote?"

Nilitaka kumpiga. Mtu wa miaka sabini, nilitaka kumpiga na kiatu mbele ya korti ya serikali, na ningempiga kama ingesaidia. Badala yake niligeukia ukuta, kwa sababu Musembi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, nikasema kwa sauti:

"Mutindi, mwambie mume wako aseme mahari ni yake. Mimi nitaziba masikio."

"Amesikia, mama," akasema Mutindi. Akainuka, akamshika mumewe mkono wa shati. "Sema. Hata tukikaa bila mbuzi, hata wakisema sijaolewa. Nitakaa na wewe."

"Na huyu mtoto atazaliwa kwa nani?" Musembi akamuuliza.

Ami yake, ambaye karatasi yake ya shamba ilikuwa kortini, akatazama mlango wa korti. Kisha askari akaja kutuita, na hatukujua Musembi atasema nini. Sidhani kama yeye alijua.

Niliapishwa kwa Biblia ya korti, iliyochakaa kuliko yangu. Inspekta akaanza kuniuliza, Nzuki akifasiri, hakimu akiandika. Alikuwa mzee wa miwani, si mtu wa kwetu, na aliandika kila neno polepole.

"Unamjua mshtakiwa?"

"Ni mume wa binti yangu."

"Yuko hapa kortini? Mwonyeshe hakimu."

Nilinyoosha kidole upande ule ambako nilijua yuko, uso wangu ukiwa chini ya leso. Watu walicheka. Hakimu akasema, "Mama, unaonyesha dirisha. Toa hiyo nguo usoni, mtazame, halafu uonyeshe."

Nilimwomba Nzuki amweleze hakimu kwamba haifai. Nzuki akamweleza. Hakimu akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema anaheshimu mila lakini shahidi lazima amtambue mshtakiwa. Kwa hiyo niliishusha leso, nikamtazama mume wa binti yangu kwa mara ya kwanza. Hakuwa na ndevu. Alikuwa na kovu dogo chini ya jicho, na alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mtoto kabisa. Alikuwa amefumba macho, amefumba kwa nguvu, ili walau mmoja wetu asiivunje haya. Nikamnyooshea kidole. Ni dhambi nyingi nimefanya, lakini hiyo ndiyo ninayoisikia mwilini.

"Siku hiyo ulimruhusu achukue ng'ombe?"

"Nilimruhusu," nikasema.

Inspekta hakukasirika. Aliniletea karatasi. "Hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu, ile ya madaha.

"Hapa ulisema hukumruhusu. Sasa mama, ulidanganya polisi ama unadanganya hakimu na umeapa? Hakuna njia ya tatu. Na yote mawili ni kosa."

Nilifikiri juu ya jela. Nilifikiri pia juu ya kanisa, na ile Biblia, na nikaona kwamba hata nikifungwa, karatasi ile itabaki pale mezani ikisema ilivyosema.

"Sikumruhusu," nikasema. Kisha nikawahi kuongeza, mbiombio, "Lakini ng'ombe ni ya mahari yake. Aliileta yeye mwenyewe, na binti alikuwa amemtoroka, alikuwa kwangu."

Hakimu akainua kichwa. Kalamu yake ilisimama, na mimi nikashika ubao wa kizimba.

"Aliileta akakupa?" inspekta akauliza.

"Alinipa."

"Alipokupa ikawa ya nani?"

"Yangu."

"Ni hayo tu, mheshimiwa."

Ndululu alitoa ushahidi baada yangu, akaeleza mpaka rangi ya shati. Koplo akatoa wake. Barua ya naibu wa chifu ikasomwa, maneno yote, mpaka mhuri. Kisha Musembi akaambiwa anaweza kujitetea, akaapishwa. Wakili hakuwa naye. Alisema ni kweli alichukua ng'ombe, na kwamba wamepatana.

Hakimu alivua miwani. Alipoanza kusema niliona kwamba yeye pia aliujua ule mlango ambao Nzuki alitueleza, na alitaka kuufungua mwenyewe.

"Sikiliza vizuri," akasema, na Nzuki akafasiri kwa upole kuliko siku zote, akivuta kila neno. "Hii ng'ombe uliitoa kama mahari. Bibi yako alikuwa amekuacha miezi mitatu. Hiyo siku unaichukua, ulikuwa unaamini ni haki yako kuichukua? Usijibu haraka."

Musembi alimtafuta Mutindi kwa macho. Mutindi alikuwa benchi la tatu, akitikisa kichwa juu chini, juu chini, kumwambia akubali. Muthama alikuwa kando yangu, anatazama sakafu. Mimi nilimwomba Mungu kijana aseme ndiyo. Na ilikuwa ndiyo. Hilo ndilo linaloniua. Hakuombwa aseme uongo. Siku ile alipomfungua ng'ombe aliamini kabisa ni haki yake, ndiyo maana alikuja mchana, ndiyo maana alimwitikia Ndululu salamu.

"Hapana," Musembi akasema. "Ng'ombe ni ya mama. Sikudai mahari, na sidai."

Hakimu akamuuliza tena kwa maneno mengine. Musembi akajibu kwa maneno yaleyale. Nilisimama nikasema anadanganya, alikuwa anadai mahari, kila mtu anajua, muulizeni huyu mzee hapa. Muthama hakuinua kichwa. Askari akanikalisha. Hakimu akasema ushahidi wangu nimeshautoa.

Hukumu ilisomwa saa tisa. Hakimu alisema ameona kwamba familia zimepatana, na kwamba mshtakiwa hajawahi kufungwa, na kwamba ana mke mjamzito. Alisema pia kwamba mshtakiwa mwenyewe amekiri kuwa alijua ng'ombe si wake. Sheria imemwekea miaka saba na kazi ngumu, chini ya hapo hana uwezo wa kushuka. "Si mimi," akasema, "ni sheria." Akamweleza Musembi kwamba ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Kisha akaita kesi nyingine, ya mtu aliyekuwa ameuza pombe ya chang'aa.

Mutindi hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kumpa mumewe maandazi, akaambiwa hapana. Mimi niliitwa kaunta. Karani mwingine, kijana, alisukuma karatasi mbele yangu, akasema nitie sahihi nipewe ng'ombe wangu, kesi imeisha na nimeshinda. Nilimwambia simtaki. Akasema siwezi kukataa mali yangu, kituo hakina mahali pa kumweka. Kwa hiyo nilitia sahihi tena.

Nilipotoka nje lori la jela lilikuwa limewashwa. Musembi alikuwa amekaa ukingoni, amefungwa pingu na mwenzake, askari wa magereza amesimama chini na bunduki. Mutindi alikuwa amezuiwa mbali, kwenye seng'enge. Mimi askari aliniacha nipite, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya uzee. Nilifika mpaka pale kwenye lori, karibu kumgusa goti. Leso niliitoa kichwani kabisa.

"Musembi," nikamwita kwa jina lake. "Nitazame. Kuna siku kumi na nne. Waambie mahari ni yako. Nitaita wazee wote, nitapika, nitachinja, nitapiga magoti kwa Muthama. Sema tu ni yako."

Aligeuza uso upande wa pili, kama kijana aliyelelewa vizuri. Nikaangalia kile kisogo nilichokijua. Kisha akamwambia askari, kwa Kiswahili:

"Afande, mwambie mama ng'ombe ni yake. Na mtoto asikose maziwa."

Askari alimtazama, akanitazama mimi niliyekuwa hatua moja kutoka hapo. Nadhani alituona wendawazimu. Lakini alikuwa mtu mwema, akafanya alivyoombwa.

"Mama," akaniambia, "anasema ng'ombe ni yako, na mtoto asikose maziwa."

"Mwambie nimesikia," nikasema.